Masika yamepita, jengo limebabuka: nianze na rangi au nianze na paa?

SWALI

Kijana wangu mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mstaafu, nina jengo la ghorofa mbili lenye maduka chini na ofisi juu, hapa Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Nililijenga kwa kiinua mgongo changu na mwaka huu linatimiza miaka 9. Upana ni mita 15, urefu mita 20, na paa ni la kuficha, yaani bati limezungukwa na ukuta. Masika ya mwaka huu yameliacha pabaya. Rangi imebabuka upande wa ziwani, chini kuna unga mweupe kama chumvi, mpangaji wangu wa duka la dawa anasema ukuta wake wa nyuma unaota ukungu, na wiki iliyopita kipande cha plasta cha ukubwa wa sinia kilidondoka barazani alfajiri. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu. Fundi ameniletea makadirio ya shilingi milioni 11 kupaka jengo zima, humo kuna ndoo 13 za rangi, na anataka tuanze wiki ijayo. Mwanangu yuko Buffalo, Marekani. Amenitumia orodha ya mambo wanayoyafanya huko kwenye majengo ya biashara kila baridi kali ikiisha, anasema niifuate hiyo. Mama watoto naye anataka rangi ya krimu, na chini mkanda wa kahawia wa rangi ya mafuta ili matope yasionekane. Nishauri. (Mstaafu, Kirumba)

JIBU

Mzee wangu, shikamoo.

Rangi tutaifikia. Lakini leo hii, kabla jua halijazama, mtume mtu azungushe kamba kwenye baraza pale plasta ilipodondokea, mita 2 au 3 kutoka ukutani, na wateja wapite upande mwingine. Plasta ikianza kuachia haiachii sehemu moja. Kile kipande cha ukubwa wa sinia kina ndugu zake huko juu, wanashikiliwa na rangi tu. Kwa kuwa umetaja Marekani: Jiji la New York lilijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1979 kipande cha jengo kilidondoka kikamuua mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anapita njiani, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kulazimisha kuta za nje za majengo yanayozidi ghorofa sita zikaguliwe kila baada ya miaka mitano. Jengo lako halifiki urefu huo, ila plasta ya kilo tatu ikitoka ghorofa ya pili inatosha kummaliza mtu.

Kesho fundi apande na nyundo ndogo, aigeuze, agonge ukuta kwa mpini wake, sehemu baada ya sehemu, asiruke. Plasta iliyoshika inalia kavu na mkono unahisi ugumu. Iliyoachia inalia kama debe tupu. Kila inapolia debe aizungushie chaki. Akimaliza, simama ng'ambo ya barabara uutazame ukuta: ramani hiyo ya chaki itakuambia mengi kuliko mimi niliyekaa hapa. Madoa yakijipanga juu, chini kidogo ya ukuta wa paa, maji yanaingia kwa juu. Yakikaa pembeni na chini ya madirisha, ni silikoni na vizingiti. Yakiwa chini ya kiuno cha mtu, maji yanapanda kutoka ardhini. Kwa ulivyoeleza, nadhani utakuta yote matatu, ila ningeweka shilingi yangu kwenye paa.

Kuhusu kupanda: jukwaa la mirunda linafaa kwa urefu huo kama limefungwa barabara na kuegemezwa ukutani, siyo mirunda miwili na ubao mmoja. Na angalia nyaya za TANESCO. Kirumba pale kuna majengo ambayo ukinyoosha mkono dirishani unakaribia kugusa waya. Kama lako ni la namna hiyo, nenda ofisini kwao kwanza waseme la kufanya.

Sasa orodha ya kijana. Mwambie nimeisoma kwa heshima, na kwa Buffalo ni orodha sahihi kabisa. Wao wako kando ya Ziwa Erie kama sisi tulivyo kando ya letu. Upepo wa baridi unapita juu ya maji ambayo bado yana joto kidogo, unabeba mvuke, ukigusa nchi kavu unamwaga theluji ya kufunika magari. Adui wao ni barafu. Maji yanaingia kwenye ufa mwembamba, usiku yanaganda, na maji yakiganda yanavimba kwa karibu asilimia 9, yanaupanua ufa. Mchana yanayeyuka yanaingia ndani zaidi, usiku yanaganda tena. Hivyo hivyo miezi minne. Juu ya hapo wanamwaga chumvi njiani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inarukia kuta, inapenya kwenye zege na kula nondo. Ndiyo maana orodha inasema osha chumvi, kagua matofali yaliyomeguka, angalia gata zilizong'olewa na uzito wa barafu, ziba maungio upya, na usipake rangi mpaka joto lipande.

Sisi hatuna barafu wala hiyo chumvi ya njiani. Na niseme hapa, kwa sababu nimeshaambiwa mara nyingi na mafundi wa hapa hapa: upepo wa ziwa letu hauna chumvi. Ziwa Victoria ni maji baridi. Mambo ya bati kuliwa na chumvi ya hewani ni ya Tanga na Dar es Salaam. Bati la Kirumba linaliwa na unyevu unaotuama, na kinyesi cha ndege. Wale korongo wanaosimama Mwaloni kama wazee wa baraza, wakishashiba hupumzika juu ya mapaa, na wanachokiacha pale ni kikali kinachotafuna rangi ya bati kisha bati lenyewe.

Adui wetu sisi ni maji yasiyoganda, pamoja na jua. Mvua zetu kubwa zinapikwa na ziwa lenyewe: usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, pepo kutoka pande zote zinakutana katikati ya ziwa na kupanda, ngurumo zinazaliwa. Ndiyo maana unaamshwa saa kumi alfajiri na radi. Saa sita mchana ya siku hiyo hiyo jua linawaka utosini, maana tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Ukuta uliolowa alfajiri unapikwa mchana. Plasta inavimba na kusinyaa, rangi inanyonyoka. Hapo mimi na kijana wako tunakutana: kule wanasubiri joto lipande ndipo wapake, huku tunasubiri ukuta ukauke. Fundi anayetaka kuanza wiki ijayo hataki kusubiri.

Nakuomba usimpe hiyo milioni 11 bado. Simtuhumu, huenda anapaka vizuri tu. Lakini soma karatasi yake tena. Kuna mstari wa paa? Kuna mstari wa gata? Kuna praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha? Kama ni rangi, mirunda na ufundi peke yake, utakuwa umenunua miezi kumi ya uzuri, na masika ijayo tutaandikiana tena.

Nikupe mfano. Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye jengo la ofisi upande wa Mkuyuni, ghorofa tatu, paa la kuficha kama lako. Mwenye jengo alikuwa amelipaka mara tatu ndani ya miaka minne. Kila baada ya mvua rangi inatoa malengelenge sehemu ile ile, ghorofa ya juu, kona ya kaskazini. Mafundi walikuwa wameshabadilisha aina ya rangi, wamepiga skimu ya kulainisha ukuta, mmoja akasema ni jini la kona. Nikapanda. Kwenye gata ya ndani, ile iliyopo kati ya bati na ukuta, kulikuwa na tope limeota majani. Nikaingiza mkono kwenye tundu la kutolea maji: kandambili moja, chupa mbili za maji, na mifupa ya samaki, mapanki matupu yaliyoletwa na ndege. Maji yalikuwa hayana pa kutokea, yanajaa kama beseni, yanapanda juu ya ukingo wa gata na kuteremka ndani ya ukuta. Lile jini nililitoa kwa mkono, kazi ya dakika 20.

Lakini haikuishia hapo, na hii ndiyo sehemu ninayotaka uizingatie. Baada ya kuzibua, tulimwagia maji kwa mpira. Mmoja ndani akiwa na tochi, mwingine juu na mpira. Unaanza sehemu ya chini kabisa ya paa, unamwagia sehemu moja dakika 10 hadi 15, kisha unapanda kidogo, tena dakika 15. Ukianza juu, maji yanateremka yanalowesha kila kitu na hujui yaliingia wapi. Tulipofika kwenye flashingi, lile bati linaloziba pengo kati ya paa na ukuta, pale linapoungana na ukuta, yule wa ndani akapiga kelele. Flashingi ilikuwa imepigwa misumari ya zege juu ya plasta, juu yake wakapaka silikoni. Jua lilikuwa limeikausha silikoni mpaka inabanduka kwa kucha kama ganda la yai la kuchemsha. Dawa yake ilikuwa kuchonga mfereji mdogo ukutani, kina cha sentimita 2 au 3, ukingo wa flashingi uingie humo ndani, kisha uzibwe kwa mota ya saruji na mchanga. Hapo hata silikoni ikifa, maji yanapita juu ya bati kama yalivyotakiwa.

Kwako fanya hivyo hivyo, na uongeze hesabu hii. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa lako ni mita za mraba 300. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwa saa moja, na hapa Mwanza mvua ya namna hiyo si kioja, paa linapokea lita 15,000. Ni simtanki tatu za lita 5,000 zinazotakiwa kupita kwenye matundu ya gata yako ndani ya saa moja. Nenda kayahesabu. Nimeona mapaa makubwa kuliko lako yenye matundu mawili ya bomba la inchi 2, kwa sababu mchoraji alitaka bomba lisionekane kwa mbele. Bomba la inchi 4 lina uwazi mara nne wa lile la inchi 2, si mara mbili. Weka manne ya inchi 4, moja kila kona, uyafunike kwa wavu wa kuzuia mapanki. Na kuna kitu ambacho karibu majengo yote ya paa la kuficha hapa mjini hayana: tundu la dharura. Toboa ukuta wa paa, sentimita chache chini ya usawa ambao maji yangeanza kuingia ndani, utoe kipande cha bomba nje. Siku gata ikiziba, maji yatatoka hapo yadondoke barabarani mbele ya watu wote, na wewe utajua kabla ukuta haujajua.

Sijui nani alituletea hizi nyumba za paa la kuficha. Zinapendeza, sikatai. Ila paa la mgongo wa tembo lililotokeza nje nusu mita lilikuwa linalinda ukuta bure, bila fundi, bila silikoni.

Ukiwa huko huko juu, kagua skrubu za bati. Washa, zile pete za mpira chini ya vichwa vyake, zikipasuka, badilisha skrubu nzima, weka nene kidogo kuliko ile iliyotoka ili ishike. Palipo na kutu, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha rangi ya bati. Dishi la mpangaji lililofungwa moja kwa moja kwenye bati litoke, likafungwe ukutani. Kizuia radi nacho kiangalie, hasa waya wa shaba unaoshuka chini: umo bado? Wauza vyuma chakavu wanaupenda waya huo kuliko wewe.

Ukishuka kutoka paani, tazama mbele. Majengo ya biashara yana ugonjwa ambao nyumba za kuishi hazina, nao ni wapangaji. Kila mpangaji anakuja na bango lake, anatoboa matundu sita ukutani, anaondoka baada ya mwaka, matundu yanabaki. Kila tundu ni mdomo. Halafu viyoyozi: paipu ya kutolea maji imekatwa fupi, inadondosha tone tone juu ya ukuta mwaka mzima, masika na kiangazi. Nikikuta mstari wa kijani unaoshuka ukutani wakati wa kiangazi, sihitaji kupanda, najua juu yake kuna kiyoyozi. Yule wa duka la dawa lazima anacho, kwa sababu dawa zinahitaji ubaridi. Kabla hujalaumu ziwa kwa ukungu wake, nenda nyuma ya duka utazame paipu yake inaishia wapi. Na rafu zake azisogeze sentimita 10 kutoka ukutani, hewa ipite. Kwenye mkataba mpya wa pango andika kwamba bango linafungwa na fundi wako na kwamba kuziba matundu ni juu ya mpangaji.

Madirisha nitayapita haraka. Silikoni iliyopasuka itolewe yote ndipo iwekwe mpya. Kupaka juu ya ya zamani ni kujidanganya. Na kwenye reli ya chini ya dirisha la aluminiamu kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Upande wako wa ziwani vitakuwa vimezibwa na vijidudu, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi, usiku wanafuata taa, asubuhi unawafagia kwa kilo. Wakilowa wanashikana kama uji. Mswaki wa zamani na maji ya sabuni vinatosha. Ukibadilisha taa za nje ukaweka za mwanga wa njano badala ya mweupe, watapungua.

Nyufa sasa. Hukuzitaja, lakini jengo la miaka 9 lisilo na ufa sijaliona. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotawanyika kama utando wa buibui, ni za plasta. Praima na rangi nzito ya nje zitazimeza. Ufa unaoanzia kona ya dirisha na kushuka kwa mshazari, au unaofuata maungio ya tofali kama ngazi, huo ni wa jengo lenyewe. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zake mbili, andika tarehe pembeni, pima upana. Rudi baada ya mwezi, na baada ya miezi mitatu. Ukitembea kupita alama, au ukizidi milimita 5, mwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, usimwite fundi wa rangi.

Mwanza nyufa hizi zina historia yake. Mji wetu umekaa juu ya mawe. Mtu anachimba msingi, upande mmoja anakuta jiwe la mababu, upande wa pili kifusi. Anafurahia jiwe, anajenga. Kila masika kifusi kinalowa na kushuka kidogo, jiwe halishuki, na jengo linapasukia katikati. Wale waliojenga bondeni wana shida nyingine. Wasukuma hawakusubiri maabara kuugawa udongo: juu luseni, mchanga mwepesi, katikati itogolo, mgumu, chini mbuga, ule mweusi unaonata kwenye kiatu. Mbuga ikilowa inavimba, ikikauka inapasuka mpaka unaingiza mkono, na jengo lililo juu yake linapanda na kushuka nayo kila mwaka. Ufa wa jengo la mbugani unajifunga masika na kufunguka kiangazi. Fundi akiuziba mwezi wa tano atasema amefanya kazi nzuri. Mwezi wa nane unarudi. Ndiyo maana nasema andika tarehe.

Ule unga mweupe wa chini ni chumvi kweli, ila haikutoka ziwani. Iko ndani ya saruji, mchanga na udongo wenyewe. Maji yanapanda ukutani kama mafuta kwenye utambi, yakifika nje yanakauka, chumvi inabaki. Uliza swali moja: tangu ulipojenga, kuna mtu aliweka pevingi? Mara nyingi jengo lilijengwa vizuri, likiwa na tabaka lake la kuzuia unyevu juu ya usawa wa ardhi. Baadaye ikaja pevingi na mchanga wake chini, ardhi ikapanda sentimita 20, tabaka likafukiwa, maji yakapata daraja la kuvukia. Pengine pia pevingi imelala kuelekea ukutani. Ngoa mstari wa kwanza kandokando ya ukuta, shusha ardhi iwe angalau sentimita 15 chini ya tabaka, jaza kokoto, na pevingi iliyobaki ielemee nje. Na kwa kuwa uko karibu na maji, kumbuka usawa wa ziwa nao una yake: Mei 2020 ulifika kiwango ambacho watu hawakukiona tangu 1964. Ziwa likipanda, maji ya ardhini mwako yanapanda nalo. Chumvi yenyewe iondoe kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani.

Kuvu na mwani juu ya ukuta vinaoshwa, na viuliwe kabla ya rangi, la sivyo vitaota chini yake. Jiki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa vitatu, iache ukutani dakika 15, sugua, suuza kwa maji mengi. Usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia tailizi. Mchanganyiko huo unatoa hewa yenye sumu. Ile mashine ya maji ya presha iliyomo kwenye orodha ya Buffalo inafaa kwa zege na pevingi. Kwa plasta yako iliyokwisha kulia debe, itaing'oa na kusukuma maji ndani.

Plasta mbovu ikatwe kwa kingo za mraba mpaka kwenye tofali, tofali liloweshwe, ipigwe kwa saruji moja kwa mchanga nne uliochekechwa, kisha imwagiliwe maji siku 7. Fundi akikuambia kuongeza saruji kunaongeza nguvu, mwambie kunaongeza nyufa. Kama nondo imeonekana na ina kutu, hasa kwenye kingo za baraza za juu, zege lichimbwe mpaka nyuma ya nondo, isafishwe, ipakwe dawa ya kutu, ndipo izibwe. Kutu huchukua nafasi mara mbili na zaidi ya chuma chenyewe. Kufunika juu tu ni kuitega. Chini ya kingo hizo hizo pitisha kidole. Ukikosa kale kamfereji kadogo kanachokatiza maji yasirudi ukutani, waambie wakachonge. Ni kazi ya siku moja, na sijui kwa nini mafundi wengi wameiacha.

Kalenda yako basi ni hii. Juni, paa, gata na ardhi. Julai mapema, plasta. Plasta mpya ikae siku 28. Agosti katikati, kata kipande cha nailoni nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, pale pasipopigwa na jua moja kwa moja. Kesho yake tazama ndani: kama nailoni ina matone, ukuta bado unapumua maji, subiri wiki mbili urudie. Ikiwa kavu, paka. Unatakiwa uwe umemaliza kabla ya wiki ya mwisho ya Septemba, vuli haijagonga hodi.

Na ndoo 13? Mzunguko wa jengo lako ni mita 70, urefu kwenda juu tuseme mita 10, hizo ni mita za mraba 700. Ondoa madirisha na milango ya maduka, zibaki 500. Mikono miwili ya rangi ni 1,000. Lita moja kwenye ukuta usio laini sana inafunika kama mita 8 za mraba. Ni lita 125, yaani ndoo 6 za lita 20 na kidogo. Nunua 7, na praima ya kuzuia ukali wa saruji kando. Rangi inunue wewe mwenyewe, ndoo zifunguliwe ukiwepo, na mtungi wa maji usikae karibu na ndoo. Tofauti ya zile ndoo sita ndiyo italipia gata na mabomba.

Mama watoto mpe salamu, krimu ni chaguo zuri, haichoki haraka kwa jua. Ila ule mkanda wa kahawia wa mafuta anisamehe. Rangi ya mafuta inafunga ukuta kama nailoni, na sehemu ile ya chini ndiyo yenye maji yanayotafuta pa kutokea. Itavimba na kubanduka kabla ya Krismasi. Kama ni lazima matope yasionekane, achukue kahawia ile ile lakini ya maji, ya nje. Watoto wa Mwaloni wakiichafua kwa mpira, inapakwa tena kwa ndoo moja.